Wakuu, tuzungumze muvi za mashindano ya mapigano: mwisho tunaujua, sasa tunaangalia nini?

#1 Mwana wa Deki (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wenye haraka wapite tu, huu uzi ni mrefu.

Jumapili nilikuwa nimejilaza naangalia Bloodsport, ile ya 1988 ambayo Van Damme anaingia mashindano ya siri yanayoitwa Kumite, kwa mara ya ngapi sijui. Mpwa wangu, yuko kidato cha pili, akapita na sahani yake ya wali, akasimama kama dakika tano. Akaniuliza, "Anko, huyu si ndiye atakayeshinda?" Nikamwambia ndiye. "Na yule mwenye kifua ndiye atakayepigana naye mwisho?" Ndiye. "Sasa unaangalia nini?" Akaondoka na wali wake.

Nikakosa jibu, na mimi si mtu wa kukosa jibu, muulizeni mke wangu.

Nimekaa na swali hilo siku nne. Muvi ya upelelezi ukishaambiwa muuaji ni nani, imekwisha hiyo. Hizi za mashindano zinakuambia zenyewe, mapema, tena kwa kujigamba. Chong Li, ndiye adui wa Bloodsport, anaingia, kifua kinacheza chenyewe, anamkazia macho Van Damme, na kila aliyemo chumbani anajua hawa wawili watakutana. Katikati yao kuna watu wengine wote. Kazi ya mtoano ni kuwaondoa hao mmoja mmoja, na kila anayelala chini, wale wawili wanasogeleana. Ni kama kumsikia mtu anapanda ngazi usiku kuja mlangoni kwako. Unajua anakuja, unabaki kuhesabu ngazi.

Halafu kuna suala la lugha. Mimi nimekulia Morogoro mjini, miaka ya tisini mwanzoni. Kibanda chetu kilikuwa cha mabanzi, kimezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie. Mabenchi, televisheni juu ya meza, deki ya kuchezea mikanda ya video chini yake imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga. Mkanda wenyewe nakala ya nakala, rangi zimevuja, sauti kama inatoka kisimani. Mwenye kibanda alikuwa na kichupa cha spiriti na kipande cha shati la zamani cha kusafishia hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda. Akiifungua deki, wote kimya, kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji.

Kiingereza cha kufuata maongezi hakuna aliyekuwa nacho mle ndani. Na hakuna aliyeuliza kinachoendelea. Mashindano hayahitaji mkalimani: wawili wanaingia, mmoja anabaki. Mpiganaji anakuja na mwili wake, mavazi yake na anavyosimama, na hiyo ndiyo hadithi yake nzima.

Aliyechora ramani ni Enter the Dragon ya 1973. Bruce Lee hakuiona ikitoka, alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai mwaka huohuo akiwa na miaka 32, na Marekani ikaanza kuonyeshwa mwezi uliofuata. Humo kuna kila kitu ambacho wengine wamekuja kukopa: kisiwa, mwenyeji tajiri mwenye siri zake, wageni waalikwa kutoka huku na huku. Kabla ya ngumi yoyote ya maana kurushwa kisiwani, mwongozaji Robert Clouse anatuonyesha watatu walivyofika pale. Lee ana kifo cha dada yake. Roper, yule Mzungu, ana madeni ya kamari. Williams, ndiye Jim Kelly mwenye afro, ametoka kuwapiga polisi waliomsumbua njiani. Wakishuka melini tayari unajua kila mmoja anapigania nini, na hilo limechukua dakika chache tu.

Na mle ndimo Bolo Yeung alimopata jina la Bolo, mlinzi wa bosi. Miaka 15 baadaye ndiye huyohuyo aliyecheza Chong Li kwenye Bloodsport. Kifua kilekile! Sisi mtaani hata Chong Li hatukumwita, tulimwita Bolo tu, kila muvi Bolo.

Sasa hoja yangu ni hii, mje mnipinge. Kinachotushika kwenye hizi muvi si stelingi. Stelingi hafi, tulilijua hilo kabla hatujajua kusoma. Anayetushika ni rafiki yake stelingi.

Mnamkumbuka Jackson wa Bloodsport, yule jitu la ndevu? Kelele nyingi, bia, alifahamiana na Van Damme kwenye mashine ya gemu. Anakutana na Chong Li, anampiga vizuri tu, anamwangusha. Badala ya kummaliza anamgeuzia mgongo, anainua mikono kwa watazamaji. Nyuma yake Bolo anainuka. Kibanda kizima kinapiga kelele: "Geuka! Geuka wewe!" Mwenye kibanda naye, ambaye ameshaiona mara mia, yuko mlangoni anapiga kelele. Tunajua hageuki. Jana hakugeuka, wiki iliyopita hakugeuka.

Naomba kuwasilisha.

#2 Kobe Mtaratibu

Nimeweka kambi. Nimekuja na karanga za kukaanga.

#3 Wa Kule Nakuru

Umenirudisha mbali, bana. Huku kwetu mambo ya kutoelewa lugha yalitatuliwa na DJ Afro. CD za shilingi hamsini, unaweka, mtu anakutafsiria na kukutangazia ngumi kama mpira wa redio. Ndugu yangu mdogo alikua akidhani Van Damme anajua Kiswahili, akaja kushtuka siku alipopata muvi halisi. Alisema hii imeharibika, wameondoa sauti ya mwenyewe.

Ila napinga kidogo hiyo ya rafiki. Mimi nakaa kwa sababu ya adui. Bila Bolo, bila Tong Po wa Kickboxer, hakuna kitu hapo. Stelingi mbaya na adui mzuri, muvi inaenda. Stelingi mzuri na adui wa mchezo, nalala.

#4 Dada wa Dojo

Kaka mleta uzi, asante, ila niruhusu nikusahihishe wewe na muvi yako. Nafanya karate tangu sekondari, sasa nafundisha watoto Jumamosi. Kumite si jina la mashindano ya siri ya watu kuuana. Ni neno la kila siku dojoni, yaani ukumbi wa mazoezi, maana yake kupambana na mwenzako, moja ya nguzo tatu za mafunzo: kihon (mapigo ya msingi), kata (mapigo yaliyopangwa kwa mfuatano), kumite. Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 ilikuwa na kumite, mbele ya kamera, na kila mtu akarudi kwao salama.

Na lile neno matte, ambalo Van Damme anamlazimisha Chong Li alitamke mwishoni kama kusalimu amri, kwa Kijapani ni "subiri". Kwa hiyo baba wa watu amepigwa, amepigwa, halafu anasema "subiri kidogo". Mimi nikifika hapo nacheka peke yangu, watu wa nyumbani wameshazoea.

Lakini kuna kitu hizi muvi zimekipata sawasawa, na nadhani ndilo jibu la mpwa wako.

Mashindano ya kweli ni kukaa. Mnafika saa moja asubuhi, mnapimwa uzito, mnapangwa, halafu mnakaa sakafuni. Nyayo zinapata baridi. Umekula ndizi moja kwa sababu ukila zaidi utatapika, usipokula utatetemeka. Pambano lako ni saa nane mchana, ni dakika mbili. Saa zote hizo unafanya nini? Unamtazama mtu. Umeshaona kwenye karatasi kwamba ukishinda na yeye akishinda mtakutana, basi humwachii jicho. Anapenda kuanza na mguu gani. Akipigwa anarudi nyuma au anaingia. Akivuta pumzi mabega yanapanda? Na ukigeuka ghafla unakuta naye anakutazama.

Angalieni tena muvi hizi, kamera haikai muda wote kwa wanaopigana. Kila baada ya pigo kubwa inakwenda kwa waliokaa. Uso wa aliyekaa ndio unaokuambia lile pigo lilikuwa zito kiasi gani. Ukiniondolea wale waliokaa, mimi nimebaki na watu wawili wanaorushiana mateke, na hilo naliona kila Jumamosi bure.

#5 Mwana wa Deki

Dada, "subiri kidogo" imeniua. Na hilo la waliokaa sijawahi kuliwaza hata siku moja. Leo usiku nairudia kwa jicho hilo.

#6 Asiyeambilika

Mnasifia uongo, wakuu. Bloodsport mwishoni wanaandika rekodi za Frank Dux, yule mtu halisi anayeigizwa na Van Damme, kama ni mambo yaliyotokea: mapambano 329, tangu 1975 mpaka 1980, hakupigwa hata moja. Mashindano ya siri ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyaona! Gazeti la Los Angeles Times lilimfuatilia mwaka huohuo wa 1988, likaandika kwamba hata lile kombe alilokuwa akilionyesha kama ushahidi lilitengenezwa dukani hukohuko kwao California. Mwenyewe amekataa mpaka kesho, lakini ndiyo hivyo. Tumedanganywa utotoni na tunaendelea kushangilia.

#7 Kobe Mtaratibu

Mkuu #6, na Abunuwasi naye ulimdai vielelezo?

#8 Asiyeambilika

Abunuwasi hakuniwekea takwimu mwishoni mwa hadithi.

#9 Mzee wa Kilo 80

Hapo kwa Dux pana jambo kubwa zaidi ya uongo wake, nipeni nafasi.

Wakati ule mtu yeyote angeweza kudai chochote kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu. Mtaani kwenu si mlibishana? Karate na ndondi, nani zaidi? Mtu wa sumo akikamatana na mtu wa kung fu inakuwaje? Sisi tulibishana mpaka watu wakapigana kweli, na waliopigana hawakujua karate wala ndondi. Muvi za mashindano ziliishi kwa swali hilo. Ndiyo maana kila anayeingia lazima awe na mtindo wake: wa mateke, wa nyoka, wa mieleka, yule mnene wa kubeba watu. Ilikuwa kama maonyesho ya Sabasaba, kila banda na bidhaa yake. Wachina walishafanya hivyo zamani. Master of the Flying Guillotine ya Jimmy Wang Yu, miaka ya sabini katikati, ina mashindano yenye Mhindi wa yoga ambaye mikono yake inarefuka kama mpira!

Sasa ikaja tarehe 12 Novemba 1993, Denver, Marekani. Watu 8, usiku mmoja, mtoano, mshindi dola 50,000. Hakuna makundi ya uzito. Ndiyo UFC ya kwanza, yale mashindano ya kweli ya kukutanisha mitindo yote ya mapigano, na ilikuwa kama mtu ameichukua Bloodsport akaimwaga ukumbini. Pambano la kwanza, Gerard Gordeau wa Uholanzi alimtandika teke la uso Teila Tuli, mtu wa sumo, jino likaruka. Sekunde 26. Art Jimmerson, bondia, aliingia na glavu mkono mmoja tu, mwingine mtupu. Muvi yenyewe hii!

Aliyeshinda ni Royce Gracie wa Brazili, mwembamba wa kilo kama 80, ukimkuta kituo cha daladala unamwambia asogee. Hakuruka. Hakuzunguka hewani. Aliwakumbatia watu, akawaangusha, akawabana mpaka wakasalimu amri. Jimmerson, Ken Shamrock, Gordeau mwenyewe, watatu usiku mmoja.

Hapo ubishi wa mtaani ukapata jibu, na jibu lenyewe halikuwa na uzuri wowote wa kupigia picha. Watu wawili wamelala sakafuni wanahema. Muvi za mashindano zikapoteza riziki yake.

Angalieni zilikokimbilia baada ya pale. Mortal Kombat ya 1995, uchawi na miungu. The Quest ya 1996, Van Damme mwenyewe anaongoza, akairudisha hadithi miaka ya 1920 huko milima ya Tibet. Zilikwenda mahali ambapo Gracie hawezi kufika: kwenye uchawi au kwenye zamani.

#10 Wa Kule Nakuru

Ongeza jela.

#11 Mzee wa Kilo 80

Hahaha, na jela. Nilikuwa nakuachia.

#12 Wa Kule Nakuru

Basi niachieni Boyka, yule mfungwa mpiganaji anayechezwa na Scott Adkins. Undisputed 3 ya 2010 kwangu ndiyo mfalme wa hizi muvi, Bloodsport ikae kando.

Kwanza kabisa Boyka si stelingi. Kwa ile ya pili, ya 2006, yeye ndiye adui! Stelingi, Michael Jai White, anamvunja mguu mwishoni, na sisi tukashangilia. Halafu ya tatu inaanza, unamkuta Boyka chini kabisa gerezani, anasafisha mifereji, goti limeharibika, hakuna anayemwogopa. Mtu uliyemchukia juzi! Anapanda kutoka pale mpaka mashindano ya magereza ya nchi mbalimbali, kule Georgia, na lile goti linakuja naye raundi zote. Scott Adkins kila akitua baada ya teke lake la kuzunguka, mimi naangalia goti. Siangalii teke.

Na humo mwenye mashindano ameiba matokeo. Dolor, yule aliyetayarishwa kushinda, anapumzika na anapewa dawa, wenzake wanavunja mawe kutwa. Anayeshindwa anaambiwa anarudishwa kwao, kumbe wanamtoa nje kumpiga risasi. Yule Mbrazili wa capoeira, mzuri kuliko wote kwa macho, ndiko anakoishia. Nilikasirika kama ni jirani yangu.

Nadhani hapa Afrika Mashariki Boyka ana wapenzi wengi kuliko hata kwao. Kuna kinyozi hapa mtaani amemchora ukutani, kando ya bei za kunyoa ndevu.

#13 Mtoto wa Pwani

Nami niseme langu, wakuu, maana hili limenikaa tangu nikiwa mdogo.

Mleta uzi kasema mpiganaji anakuja na mwili wake na hiyo ndiyo hadithi yake nzima. Sawa. Sasa kumbukeni Bloodsport, yule jamaa mweusi. Wenzake wana karate, wana ndondi ya Kithai, wana nchi. Yeye kapewa kuchuchumaa na kurukaruka kama mnyama wa porini. Kibandani tulicheka. Tulimwigiza shuleni wiki nzima, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwigiza vizuri kuliko wote. Nimeirudia nikiwa mtu mzima, hapo sikucheka.

Na linganisheni na Jim Kelly wa Enter the Dragon, miaka 15 nyuma yake. Huyu alikuwa mpiganaji kweli, bingwa wa karate uzito wa kati Long Beach 1971, na ile nafasi aliipata dakika za mwisho baada ya mwigizaji mwingine kujitoa. Anasimama mbele ya Han, yule bosi wa kisiwa, kwa kiburi chote, hakubali kutumwa. Wamemuua, ndiyo, mweusi lazima atangulie, hilo tunalijua. Lakini alikufa akiwa mtu. Unaona walivyorudi nyuma badala ya kwenda mbele?

Naipenda Bloodsport bado. Nikifika sehemu ile nainuka naenda kuchota maji ya kunywa.

#14 Dada wa Dojo

Mtoto wa Pwani, umesema kweli kabisa. Kwenye darasa langu kuna watoto wawili wanaoigiza "mtindo wa nyani" kila nikigeuka, na sikuwa nimejua wanautoa wapi.

#15 Asiyeambilika

Hili la #13 naliunga mkono. Na The Karate Kid mmeisahau. 1984, hakuna anayekufa, mwisho ni pointi tatu tu kwenye mashindano ya vijana wa mtaani, na bado ukumbi unasimama. Mwongozaji wake John G. Avildsen ndiye aliyeongoza Rocky. Alijua kwamba kidonda kikiwa mguuni mwa mtoto mwembamba hakuna haja ya kuua mtu.

#16 Wa Kule Nakuru

Kumbe unazipenda! Umekuja kutugombeza kumbe ni wetu.

#17 Asiyeambilika

Nilisema ni uongo. Sikusema sizipendi.

#18 Mwana wa Deki

Wakuu, nimerudi. Saa tano kasoro usiku, nimemaliza kuirudia.

Nimefuata maagizo ya dada. Sauti nimezima kabisa, kama mkanda wa kibandani ulivyokuwa ukipotea sauti, na wanaopigana sikuwaangalia. Nimeangalia waliokaa. Ni muvi nyingine, jamani. Van Damme anapigana dakika chache tu, muda uliobaki anatazama. Kuna mahali Jackson anapigana raundi za mwanzo, Van Damme anacheka naye kwa mbali. Akija kukutana na Chong Li, uso wa Van Damme umeshaacha kucheka kabla Jackson hajageuza mgongo. Yeye ameona. Sisi na yeye tumeona, asiyeona ni Jackson peke yake. Halafu Bolo anachukua kitambaa cha kichwa cha Jackson aliyelala pale, anakiinua juu. Hapo nikarudisha nyuma mara mbili.

Ya #13 nimeiona pia. Nilikuwa naifahamu sehemu ile na nilikuwa siioni. Samahani kwa niaba ya kibanda chetu.

Mpwa alikuja katikati, akasimama palepale mlangoni, safari hii na kikombe cha chai. Nikamkaribisha akae, akasema anapita tu. Jackson alipoinua mikono, yule kijana aliyekuwa anapita tu akaniuliza, "Anko, mbona hageuki?" Nikamwambia hajawahi kugeuka tangu 1988. Akakaa.

#19 Kobe Mtaratibu

Karanga zimeisha. Kesho tunaanza na ya yule Mhindi wa mikono ya mpira, mwenye nakala aseme mapema.